Roy Orbison: Jamaa wa miwani myeusi aliyerudi kileleni kisha akatuaga

Kama umewahi kucheza Guitar Hero, ile gemu ya kushika gitaa la plastiki na kubonyeza vitufe vya rangi huku noti zikiteremka kwenye skrini, basi huenda unamjua Roy Orbison bila kujua kwamba unamjua. Katika toleo la mwaka 2009 lililotengewa bendi ya Van Halen, kuna kibao kiitwacho Pretty Woman. Gitaa linaanza na noti chache tu zinazojirudia, unajiambia hii ni rahisi, halafu vidole vinakuaibisha mbele ya marafiki.

Wengi waliocheza gemu hiyo waliamini wimbo ni wa Van Halen. La hasha! Van Halen waliurudia tu mwaka 1982. Mwenyewe aliutoa 1964, na alikuwa jamaa mmoja mpole kutoka Texas, asiyeona vizuri, asiyecheza densi jukwaani, aliyevaa nguo nyeusi kuanzia shingoni hadi viatuni.

Mimi nina magonjwa mawili ya muziki. La kwanza ni nyimbo za gemu, maana hizo ndizo zilizonifundisha kusikiliza gitaa. La pili ni albamu za wanamuziki wa roki waliopotea, wakasahaulika, kisha wakarudi. Nyingi za albamu hizo, nikuambie ukweli, ni hewa tu. Mzee anarudi amevaa jaketi ya kijana na kujilazimisha kuimba kama watoto wa siku hizo. Lakini ukinishika shati unitake nikutajie moja tu isiyo na aibu hata kidogo, nitakutajia Mystery Girl ya Roy Orbison. Mwenyewe hakuishi kuiona ikiuzwa.

Ngoja nikurudishe nyuma.

Alizaliwa Aprili 23, 1936 katika mji wa Vernon, Texas, nchini Marekani. Macho yalikuwa mabovu tangu utotoni na tayari alikuwa amevaa miwani alipofika umri wa miaka minne. Babake alimpa gitaa alipotimiza miaka sita. Baadaye familia ilihamia Wink, kijiji cha mafuta magharibi mwa Texas, mahali pa vumbi, mitambo na jua kali. Kijana mwenye miwani mizito na haya nyingi hana raha sana mahali kama hapo. Akiwa shuleni aliunda bendi iliyoitwa Wink Westerners, na baadaye akaongoza nyingine, Teen Kings.

Mwaka 1956 kampuni ya Sun Records ya Memphis ilitoa kibao chake cha kwanza kusikika kitaifa, Ooby Dooby. Hiyo ndiyo kampuni iliyomtoa Elvis Presley na Johnny Cash, kwa hivyo elewa kijana alikuwa ameingia nyumba kubwa. Shida ni kwamba pale walitaka roki ya kurukaruka, na Roy hakuwa mtu wa kurukaruka. Ooby Dooby iliuza kiasi, zilizofuata zikalala. Akabaki kuwaandikia wengine nyimbo. Claudette, aliyoipa jina la mkewe, ilirekodiwa na Everly Brothers mwaka 1958 na kumpa pesa za kuanzia maisha.

Mambo yalibadilika alipohamia kampuni ya Monument, Nashville. Yeye na mwenzake Joe Melson waliandika Only the Lonely. Inasimuliwa kwamba alikuwa na mpango wa kumpa Elvis wimbo huo, akapita nyumbani kwake asubuhi na mapema akaambiwa bado amelala. Akaupeleka kwa Everly Brothers, nao wakawa na kazi yao wenyewe. Basi akaurekodi mwenyewe mwaka 1960. Ulifika nambari mbili Marekani na nambari moja Uingereza. Hebu fikiria kama Elvis angekuwa macho asubuhi ile!

Kutoka hapo hadi 1964 jamaa alifyatua vibao kama njugu: Running Scared, Crying, In Dreams, It's Over. Nataka uzisikilize vizuri kwa sababu kuna jambo ambalo shabiki wa gemu atalinasa haraka kuliko mwingine. Nyimbo nyingi za redio zina ubeti, kiitikio, ubeti, kiitikio. In Dreams haina. Inaanza na sehemu moja, inaiacha, inaingia nyingine, inaiacha pia, na hairudi nyuma hata mara moja hadi mwisho. Kila sehemu inapanda juu ya ile iliyotangulia. Ni kama muziki wa hatua za gemu, kila mlango ukifunguka unasikia kitu kipya na unajua hatari imeongezeka. Running Scared nayo haina kiitikio kabisa. Inaanza chini, karibu ananong'ona, ngoma ikipiga mwendo uleule, wasiwasi unajaa, halafu dakika mbili baadaye yuko juu kabisa na sauti kamili, bila kuibana puani. Jaribu kuimba naye bafuni uone.

Na mada zake! Wakati ambapo wanaume wa roki walikuwa wakijigamba, huyu aliimba kuhusu kulia, kuogopa na kuachwa. Alisimama wima kama nguzo ya stima, midomo haifunguki sana, mikono haiendi popote, halafu inatoka sauti ambayo huelewi imetokea wapi.

Ile miwani myeusi nayo ilikuja kwa bahati mbaya. Inasimuliwa kuwa aliisahau miwani yake ya kawaida ndani ya ndege, na aliyobaki nayo ilikuwa ya jua tu, ila yenye lenzi za kumsaidia kuona. Angefanyaje? Aidha apande jukwaani kipofu au apande na hiyo. Mwaka 1963 alizuru Uingereza akiwa na Beatles. Picha zilipigwa, watu wakaipenda, na tangu siku hizo miwani ikawa ndiyo sura yake. Watu wengi hadi leo wanadhani alikuwa haoni kabisa. Alikuwa anaona, mradi awe nayo usoni.

Katika ziara hiyo Beatles ndio walikuwa moto wa kuotea mbali, na hatimaye wao ndio waliokuwa wakifunga shoo. Roy alitangulia. Kazi ya kutangulia Beatles mwaka 1963 ungempa adui yako, kwa sababu wasichana wote wamekuja kuwapigia wao kelele. Lakini usiku wa kwanza umati ulimrudisha mara nyingi kiasi kwamba vijana wale wanne walibaki nyuma ya pazia wakishangaa, na simulizi inasema John Lennon na Paul McCartney walimvuta mikono atoke ili nao wapate nafasi. George Harrison, mdogo wao, alikuwa pale akitazama. Mweke akilini huyo, atarudi.

Halafu 1964, Oh, Pretty Woman. Roy alikuwa nyumbani akiandika na mwenzake Bill Dees. Claudette, mkewe, akasema anatoka kwenda mjini. Roy akamuuliza kama anahitaji pesa, na Dees akatania kwamba mwanamke mrembo hahitaji pesa kamwe. Utani huo ndio ukawa mbegu. Claudette aliporudi, wimbo ulikuwa umekwisha kuandikwa. Ulishika nambari moja Marekani na Uingereza, mwaka ambao Waingereza walikuwa wamewafunika Wamarekani wote kwenye chati zao wenyewe.

Niseme kidogo kuhusu wimbo huu kabla hatujaendelea, kwa sababu wewe unayependa rap una deni nao. Kundi la 2 Live Crew liliutengenezea toleo la dhihaka mwaka 1989, wenye haki ya wimbo wakashtaki, na kesi ikafika hadi Mahakama ya Juu ya Marekani. Mwaka 1994 majaji wote waliamua kwamba dhihaka ya aina hiyo yaweza kuhesabiwa kuwa matumizi halali hata kama inauzwa. Wanafunzi wa sheria huisoma kesi hiyo hadi leo. Haya, turudi.

Mwaka 1965 alihamia kampuni ya MGM kwa pesa ndefu na ahadi ya kuwa mwigizaji. Filamu ikatoka moja tu, The Fastest Guitar Alive, ambamo gitaa lake linafyatua risasi. Ukiipata, itazame kwa dakika kumi, zinatosha. Muziki nao ukaanza kupoa. Ladha za vijana zilikuwa zimebadilika, na kampuni ilitaka nyimbo nyingi kwa haraka kutoka kwa mtu ambaye kazi yake bora ilihitaji muda.

Lakini chati ndizo zilikuwa shida ndogo.

Yeye na Claudette walikuwa wameachana mwishoni mwa 1964, kisha wakarudiana. Wote wawili walipenda pikipiki. Juni 6, 1966 walikuwa njiani kuelekea nyumbani, kila mmoja juu ya pikipiki yake. Walipofika Gallatin, Tennessee, lori likatokea na kumgonga Claudette. Akafa. Msichana aliyepewa wimbo mwaka 1958, aliyetoka kwenda mjini ukazaliwa mwingine, ameondoka hivyo, na mumewe yuko papo hapo barabarani.

Roy akafanya alichojua, akarudi kazini. Septemba 1968 alikuwa Uingereza akitumbuiza ilipomfikia simu kwamba nyumba yake ya Hendersonville, Tennessee imeteketea. Wanawe wawili wakubwa, Roy Dewayne na Anthony, walikuwa wamefia ndani. Mmoja alikuwa na miaka kumi, mwingine sita. Mdogo wao, Wesley, aliokolewa.

Nimejaribu mara nyingi kuwaza mtu anapanda ndege gani kutoka London akijua hayo, na anatazama nini dirishani saa zote zile. Siwezi. Johnny Cash, aliyekuwa jirani na rafiki yake tangu enzi za Sun, alikuja kukinunua kile kiwanja, lakini hakujenga nyumba juu yake. Alipanda miti ya matunda.

Wesley alilelewa na wazazi wa Roy. Kuna wanaomlaumu Roy kwa hilo, kwamba mtoto aliyenusurika ndiye aliyemhitaji zaidi. Mimi sina mdomo wa kumhukumu, ila sitakuficha kwamba jambo hilo lipo na mtoto alilibeba. Mwaka 1969 Roy alimwoa Barbara, msichana Mjerumani waliyekutana Uingereza, na wakapata wavulana wawili.

Miaka ya sabini nitaipita mbio kwa sababu hakuna mengi ya kukupa. Albamu zilitoka na kukaa dukani. Aliendelea kuimba katika nchi zilizomkumbuka, hasa Uingereza na Australia. Mnamo Januari 1978 alifanyiwa upasuaji mkubwa wa moyo, naye wakati huo hajafika hata miaka 42. Kinachouma, tena kinachekesha kidogo, ni kwamba nyimbo zake zilikuwa zikifanya vizuri sana, ila midomoni mwa watu wengine. Linda Ronstadt alivuma na Blue Bayou mwaka 1977. Don McLean aliirudia Crying ikafika nambari moja Uingereza 1980. Halafu Van Halen wakaja na magitaa yao 1982, wale wa kwenye gemu. Wewe mwenyewe ungejisikiaje, kusikia redio ya jirani ikicheza kazi yako kila siku na hakuna anayekuuliza u hali gani?

Kilichomrudisha hakikuwa mpango wa meneja. Ilikuwa filamu ya kutisha. Mwaka 1986 David Lynch alitoa Blue Velvet, na katikati ya filamu hiyo mhalifu mwenye wazimu anasikiliza In Dreams huku mambo ya ajabu yakitendeka. Roy alipoitazama mara ya kwanza alishtuka, wimbo wake wa mapenzi umefanywa hivyo! Akaja kuielewa baadaye. Lakini vijana waliotazama walitoka sinema wakiuliza swali moja, huyu anayeimba ni nani?

Mwaka uliofuata, 1987, aliingizwa katika Rock and Roll Hall of Fame, na aliyemkaribisha ni Bruce Springsteen, ambaye tangu 1975 alikuwa amelitaja jina la Roy ndani ya Thunder Road. Septemba 30 mwaka huohuo ilifanyika shoo moja Los Angeles, ikanaswa kwa picha za rangi nyeusi na nyeupe. Ukiwa na bando ya kutosha wikendi hii, itafute. Nyuma ya Roy utamwona Springsteen mwenyewe akipiga gitaa kama kibarua, Tom Waits, Elvis Costello, Bonnie Raitt, k.d. lang, Jackson Browne. Wanamuziki wa bendi ni wale waliompigia Elvis Presley. Na mbele amesimama Roy, haendi kushoto wala kulia. Watazame nyuso zao anapopanda zile noti za juu. Mastaa wazima wanatabasamu kama watoto walioingizwa bure uwanjani.

Sasa yule George Harrison niliyekuambia umweke akilini. Mwaka 1988 alihitaji wimbo mmoja wa ziada wa kuweka upande wa pili wa santuri yake. Jeff Lynne alikuwa akimtengenezea Roy muziki mpya, kwa hivyo Roy alikuwa karibu. Studio ikahitajika upesi, Bob Dylan akawa na gereji yenye vifaa kwake Malibu. Gitaa la Harrison lilikuwa nyumbani kwa Tom Petty, basi na Petty akaja. Watu watano, gereji moja, na wimbo ukaitwa Handle with Care. Kampuni ilipousikia ikasema huu ni mzuri mno kufichwa nyuma ya santuri. Ndipo wakaunda bendi, Traveling Wilburys, wakajipa majina ya bandia kama ndugu wa baba mmoja. Roy akawa Lefty. Katika Handle with Care wengine wanaimba kama watu wanaopiga soga, halafu anaingia Roy, na ghafla gereji inakuwa kanisa kuu. Albamu ilitoka Oktoba 1988 ikauzwa si mchezo.

Wakati huohuo alikuwa akimalizia yake mwenyewe, Mystery Girl. Hapa ndipo naipenda kuliko albamu zote za kurudi ninazozijua. Lynne na Petty waliandika naye You Got It. Bono na The Edge wa U2 walimwandikia She's a Mystery to Me. Wangeweza kumvika mavazi ya miaka ya themanini, kinanda cha umeme na ngoma za mashine, maana kila mtu alifanya hivyo. Hawakufanya. Walimwachia nafasi na sauti ikakaa katikati, ileile ya 1961, nzito kidogo tu. Mtu amezika mke, amezika watoto, amepasuliwa kifua, halafu anaimba wimbo wa furaha kama You Got It na wala huhisi anaigiza. Kuna wanaosema In Dreams ndiyo kazi yake kuu. Kwa wimbo mmoja, nakubali. Kwa albamu nzima, sikubali, na tutabishana hadi jioni.

Novemba 1988 kazi ilikuwa imekamilika. Simu zikawa haziishi, mialiko Ulaya, mahojiano, shoo juu ya shoo, yote yaliyomkwepa kwa zaidi ya miaka ishirini yakija kwa mwezi mmoja. Desemba 4 aliimba karibu na Cleveland, Ohio. Kisha akaenda Hendersonville kupumzika. Desemba 6 alishinda akirusha ndege za mfano, zile ndogo za kuchezea, mchezo alioupenda sana. Jioni akaenda nyumbani kwa mamake, na huko moyo ukamshinda. Alikuwa na umri wa miaka 52.

Mystery Girl ilitoka mapema 1989. Ilifika nambari tano Marekani na mbili Uingereza, na kwa muda albamu hiyo na ile ya Wilburys zilikuwa zote mbili ndani ya tano bora za Marekani. You Got It iliingia kumi bora za huko, mara yake ya kwanza kufika hapo tangu Oh, Pretty Woman. Hata ile Oh, Pretty Woman aliyoiimba usiku wa picha nyeusi na nyeupe ilimpa tuzo ya Grammy mwaka 1991.

Alizikwa Los Angeles katika makaburi ya Westwood, na kaburi halikuwekwa jina. Barabara za muziki zimejaa sanamu za watu wasiomfikia hata kiunoni, yeye ana nyasi tu. Barbara alisimamia kazi zake hadi naye alipofariki Desemba 6, 2011, tarehe ileile ya mumewe, miaka 23 baadaye.

Wilburys walikuwa bado hawajapiga video ya End of the Line alipokufa. Waliendelea bila kutafuta mtu wa kujaza pengo. Video inaonyesha wanne waliobaki wakiimba ndani ya behewa la treni. Inapofika sehemu yake, sauti ya Roy inasikika, na kamera inageukia kiti cha kubembea ambacho hakuna aliyekikalia, gitaa limeegeshwa juu yake, kiti kinayumba polepole na treni.

Itazame hiyo kwanza, ndipo urudi kwenye gemu yako.